Makita N1900B baada ya miaka ya kazi: spea zipi ununue orijino na zipi si lazima

Ukipita kwenye karakana za samani za Keko au Buguruni, Dar es Salaam, randa ya umeme utakayoikuta juu ya meza ya fundi mara nyingi ina umbo lilelile: mwili mfupi, kishikio nyuma, na kirungu cha mbele cha kurekebisha kina. Ni Makita N1900B, au 1900B iliyoitangulia, au mojawapo ya nakala nyingi zilizofuata umbo hilo. Inaranda upana wa milimita 82, kina kisichozidi milimita 1 kwa mpito mmoja, mota yake ni ya wati 580, ngoma (silinda inayobeba visu) inazunguka mara 16,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo, na uzito wake ni kilo 2.5.

Tathmini hii haihusu inavyoranda ikitoka kwenye boksi, kwa sababu ikiwa mpya hata randa ya bei poa huranda. Inahusu inavyotengenezeka. Hapo ndipo mashine hii inapostahili sifa. Ndani yake kuna mota ya kaboni (vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), puli mbili, mkanda, ngoma ya visu viwili, beringi, swichi na waya, basi. Hakuna kibao cha elektroniki cha kurekebisha kasi, kwa hiyo hakuna kitu kinachokufa kimyakimya na kukulazimu kutupa mashine nzima. Makita ilianzia Nagoya mwaka 1915 kama biashara ya kuuza na kukarabati mota na vifaa vya umeme, na mwaka 1958 ikawa ya kwanza kuuza randa ya umeme nchini Japani. Ukiifungua N1900B unaona imebuniwa na watu waliojua kwamba iko siku itafunguliwa.

Hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike. Kaboni na mkanda, nunua orijino na usibishane. Beringi, nunua kwa namba kwenye duka la beringi, si lazima zitoke kwenye boksi la Makita. Visu, chagua kulingana na mbao unazoranda. Amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ipime kwanza, kisha piga hesabu kabla ya kutoa hela. Na kabla ya kugusa lolote kati ya hayo, plagi iwe imechomolewa ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana kitufe cha randa hubonyezwa kirahisi na kiganja wakati vidole viko kwenye ngoma.

Kaboni

Kaboni imetengenezwa iliwe ili komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba kwenye amecha, isiliwe. Ukilielewa hilo, hutashangaa tena kwa nini kipande kidogo namna ile kinaamua uhai wa mota. Dalili za kaboni iliyokwisha zinajulikana: randa inawaka na kuzima yenyewe, inapoteza nguvu ukiikandamiza, cheche zinaonekana kubwa kupitia matundu ya hewa, au haiwaki mpaka uigonge kidogo pembeni.

Vifuniko vyake ni viwili, vya plastiki, vyenye mfereji wa bisibisi bapa, kimoja kila upande wa mota. Kwenye modeli kadhaa kimojawapo hujificha chini ya kifuniko kingine, kwa hiyo tazama pande zote kabla ya kusema hakuna. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote. Nyembamba itauchana, na kifuniko kilichochanika hutoki nacho bila kukitoboa. Chomoa kaboni, tazama ubavu. Makita huweka alama ya ukomo pale, na kaboni ikifika kwenye alama kazi yake imekwisha hata kama randa bado inazunguka. Kama alama haionekani, chukulia milimita 6 zilizobaki kuwa mwisho. Ukiendelea, springi inaanza kukosa msukumo, kaboni inarukaruka juu ya komyuteta, cheche zinachoma shaba, na sasa tatizo la kaboni limekuwa tatizo la amecha.

Namba ya kaboni imechorwa kwenye kaboni yenyewe, ikianza na herufi CB. Nenda dukani na ile ya zamani mfukoni, usiende na jina la mashine tu, kwa sababu modeli moja huweza kutofautiana kulingana na soko ilikouzwa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima. Kaboni mbili zenye urefu tofauti zina msukumo tofauti wa springi, na ile fupi ndiyo itakayotoa cheche.

Kabla ya kuingiza mpya, safisha nyumba ya kaboni. Vumbi la kaboni likichanganyika na vumbi la mbao hutengeneza utando mweusi unaoibana kaboni isiteleze. Futa kwa kitambaa kikavu kilichozungushwa kwenye kijiti, kisha jaribu: kaboni mpya iingie na kutoka kwa uzito wake yenyewe. Ikikwama, usiisukume kwa bisibisi ukidhani springi itafanya kazi hiyo baadaye. Ikishaingia na vifuniko vikafungwa, washa randa bila mzigo kwa dakika kama 10. Uso wa kaboni mpya ni bapa na komyuteta ni duara; dakika hizo zinaiacha kaboni ijichonge kulingana na duara hilo kabla ya kupewa mbao. Cheche kidogo mwanzoni ni kawaida, na zinapaswa kupungua ukiwa unatazama.

Sasa, kwa nini tunasisitiza orijino hapa wakati bei ya feki inavutia? Kwa sababu tofauti haionekani kwa macho. Kaboni ngumu kupita kiasi huchimba mifereji kwenye shaba. Laini kupita kiasi huisha upesi na kuijaza mota unga mweusi unaopitisha umeme. Nyingine waya wake mdogo wa shaba umechomekwa vibaya, unachomoka, na umeme wote unaanza kupita kwenye springi. Springi haikutengenezwa kupitisha umeme. Inapata moto, inalegea, na msukumo unakwisha. Hili la mwisho ndilo pia linaloua mota zinazowekewa kaboni ya kuchonga kutoka kwenye betri kavu za tochi, ambayo bado tunaiona mitaani. Haina waya, na ugumu wake haukupimwa kwa ajili ya komyuteta. Kama huna njia nyingine kabisa, chukua kaboni halisi ya mashine kubwa zaidi yenye waya wake, uisugue ubavuni juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka itoshe, ukiangalia isipoteze unyoofu. Hiyo ni ya kumalizia kazi ya siku, si ya kukaa nayo.

Mkanda

Mkanda ukiisha, mota inasikika vizuri lakini ngoma inasimama ukiigusisha mbao. Ukifungua kifuniko cha ubavuni utakuta unga mweusi wa mpira, na mara nyingi harufu yake imekutangulia. Kuubadilisha ni kazi ya dakika chache: fungua skrubu za kifuniko, toa mkanda wa zamani, safisha mifereji ya puli zote mbili kwa brashi ngumu, pachika mpya kwenye puli moja, uingize ukingoni mwa puli ya pili, kisha zungusha kwa mkono huku unausukuma mpaka uingie wote. Usiutanue kwa bisibisi. Ile alama ndogo ya bisibisi ukingoni ndipo mkanda utakapochanikia wiki mbili baadaye, na lawama utaipa spea.

Ipo mikanda yenye mifereji inayofuata urefu wake na ipo yenye meno yanayokatiza upana. Haichanganywi hata kama urefu unalingana. Hesabu mifereji au meno ya ule wa zamani, ulinganishe mmoja juu ya mwingine. Wa zamani huwa umevutika kidogo, kwa hiyo mpya ukionekana mfupi kwa milimita moja hivi si kosa. Ukionekana mrefu kuliko wa zamani, urudishe palepale dukani.

Mikanda ya bei ya chini tunaikataa kwa sababu ya nyuzi zilizo ndani ya mpira. Kazi ya nyuzi hizo ni kuzuia mkanda usivutike. Zikiwa dhaifu, mkanda unarefuka, unateleza, unapata moto, na kwa kuwa mota haisimami fundi anaendelea kukandamiza. Lakini hata mkanda orijino hautadumu ukiwekwa juu ya chanzo kilekile kilichokata uliotangulia. Vyanzo hivyo ni vinne, na kwa kawaida kimojawapo kipo: visu butu, kina kikubwa kwenye mbao ngumu, beringi ya ngoma inayokwama, au utomvu uliogandamana kwenye puli. Zungusha ngoma kwa vidole mkanda ukiwa umetoka. Kama haizunguki kwa wepesi, usifunge mkanda mpya bado.

Beringi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila sababu. Beringi si mali ya Makita wala ya yeyote. Ni kitu cha vipimo vya kimataifa, na namba yake imeandikwa kwenye ukingo wake. 608 ina tundu la milimita 8, kipenyo cha nje 22 na unene 7, iwe imetoka Japani au kwingineko. 607 ni 7 kwa 19 kwa 6. 627 ni 7 kwa 22 kwa 7. 6000 ni 10 kwa 26 kwa 8, na 6200 ni 10 kwa 30 kwa 9. Angalia 608 na 627: zinafanana kwa nje na kwa unene, ila tundu limepishana milimita moja. Muuzaji akikupimia kwa macho utarudi. Futa grisi, soma namba iliyo kwenye beringi yako, na ukiwa huioni vizuri pima kwa kalipa pande zote tatu.

Baada ya namba huja herufi, nazo zina maana. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS ni vya mpira. Kwa randa tunachagua mpira, kwa kuwa vumbi la mbao ni jepesi na linapita kwenye upenyo wa bati mpaka likanyonye grisi yote. Mpira nao una msuguano wake na kasi hii ni kubwa, kwa hiyo beringi ya 2RS iwe ya mtengenezaji anayeeleweka. Feki ya majina makubwa imejaa. Ishika katikati kwa vidole viwili, zungusha ukingo wa nje: nzuri huzunguka kwa ulaini wenye uzito kidogo wa grisi na haina mchezo wa kwenda juu na chini. Inayozunguka muda mrefu kama imepakwa mafuta ya cherehani, na kutoa sauti kavu, grisi yake ni ya kudanganyia.

Utajuaje ni beringi ya mota au ya ngoma? Toa mkanda, rudisha kifuniko, washa randa kwa sekunde chache tu. Mlio ukibaki, ni ya mota. Ukitoweka, ni ya ngoma. Kipimo hiki hakina gharama na kinakuokoa kupasua upande usiohusika. Usiiache izunguke muda mrefu namna hiyo, kwani mota ya kaboni isiyo na mzigo hukimbia kupita kasi yake ya kazi.

Kutoa beringi kwenye shafti kunahitaji pula (kifaa cha kuvutia beringi) ndogo ya miguu miwili. Kugonga shafti kwa nyundo kunapanua ncha yake, na baada ya hapo beringi mpya haipandi bila tupa. Wakati wa kuingiza, msukumo uende kwenye pete inayobana: ukiipandisha kwenye shafti, sukuma pete ya ndani, ukiiingiza kwenye nyumba yake, sukuma pete ya nje. Kipande cha bomba chenye kipenyo sahihi kinatosha. Ukisukuma pete ya nje ili ya ndani ipande shafti, nguvu yote inapita kwenye vigololi, na vinaacha vishimo vidogo kwenye njia yao. Beringi hiyo itaanza kulia siku ileile na utasema umeuziwa feki.

Beringi za ngoma zibadilishwe mbili kwa pamoja. Za mota, ukifika huko ndani umeshafanya kazi ngumu, kwa hiyo badilisha zote mbili vilevile. Tazama nyumba ya beringi ya nyuma: kama pete ya nje ilikuwa inazunguka ndani ya plastiki, utaona plastiki imeng'aa na kutanuka. Kwenye mashine zenye kimpira kinachovalishwa juu ya beringi hiyo, kimpira kisitupwe, na kikiwa kimekatika kinunuliwe. Gundi haishiki hapo kwa muda. Beringi ya mota iliyolegea ni muuaji mkubwa wa amecha: shafti inayumba, amecha inasugua fildi koili (koili zisizozunguka zinazoizunguka amecha), vanishi inatoka, na koili zinagusana.

Visu

Randa hizi huuzwa na mfumo mmoja kati ya miwili. Wa kwanza ni visu vipana vya kunolewa vya HSS (chuma kigumu cha kukatia kwa kasi), ambavyo kwa kawaida vina vipimo vya 82 kwa 29 kwa 3. Wa pili ni vile vyembamba vya kabaidi (madini magumu kuliko chuma), 82 kwa 5.5 kwa 1.1, vyenye makali pande mbili. Upande mmoja ukiisha unavigeuza, wa pili ukiisha unavitupa. Kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine kunahitaji na bati zake za kushikilia, kwa hiyo usinunue kisu peke yake ukitegemea kitakaa.

Upi ni bora? Inategemea kinachopita chini ya randa. Kwa paini na saiprasi, HSS iliyonolewa vizuri inaacha uso laini kuliko kabaidi, kwa kuwa ncha yake huweza kunolewa ikawa nyembamba zaidi. Kwa msaji mambo yanageuka: mbao zake zina silika, na HSS hupoteza makali ndani ya muda mfupi. Mvule nao huficha ndani yake vijiwe vya chokaa, vyeupe, ambavyo huvioni mpaka kisu kimeshalia. Kijiwe kimoja kikinyofoa kabaidi, kisu hicho kwisha upande huo. HSS unaweza kuinoa mpaka pengo liishe. Ushauri wetu kwa anayeranda mvule na mbao za mabomoko zenye misumari ni HSS, na kwa anayeranda msaji mchana kutwa ni kabaidi. Fundi wa samani za mninga anaweza kuishi na yoyote.

HSS hunolewa kwa pembe ya nyuzi 32, kwa kutumia kishikio cha kunolea ambacho hubeba visu vyote viwili kwa pamoja ili vitoke sawa. Visu viwili lazima vibaki na upana uleule na uzito uleule. Ukinoa kimoja kwa kuwa ndicho kilichopasuka, ngoma inakuwa nzito upande mmoja, na kwa mizunguko 16,000 kwa dakika tofauti hiyo ndogo inageuka mtetemo unaokula beringi. Kunolea kwenye grainda ya mezani kwa mkono mtupu hatukubaliani nako. Moto si tatizo kubwa sana kwa HSS halisi, ambayo huvumilia kugeuka rangi. Visu vya bei poa vilivyoandikwa HSS huku ni chuma cha kawaida hulegea palepale vinapogeuka buluu. Ubaya ulio kwa vyote ni kwamba mkono mtupu hautoi mstari ulionyooka wa milimita 82.

Ufungaji ndio unaotenganisha randa inayoranda na inayochimba. Safisha ngoma kwanza, na sehemu ambayo kisu na bati lake hukalia, maana punje moja ya maranda chini ya kisu inakiinua upande mmoja. Panga kisu kwa kipima kilichokuja na randa. Kisha hakikisha kwa njia ya pili: geuza randa kichwa chini, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya kitako cha nyuma (bati bapa la chini lililo nyuma ya ngoma) ipite juu ya ngoma, na uzungushe ngoma polepole kwa kushika puli. Ncha ya kisu iguse rula bila kuinyanyua. Fanya hivyo kushoto na kulia, kwa kisu cha kwanza na cha pili, mara nne kwa jumla.

Makosa yake yanasomeka kwenye mbao. Visu vikiwa juu kuliko kitako cha nyuma, randa itaranda vizuri mpaka mwisho wa ubao, halafu itachimba kishimo pale kitako cha mbele kinapoachia. Vikiwa chini kuliko kitako cha nyuma, kitako hicho kinajikwaa kwenye hatua iliyokatwa, mbele inanyanyuka, na unasukuma randa isiyokata kitu ukidhani visu ni butu. Upande mmoja ukiwa juu, ubao wote unabaki na mstari mrefu wa ngazi kila mpito. Na kisu kimoja kikiwa juu ya mwenzake, ni hicho tu kinachofanya kazi: mawimbi juu ya ubao yanakuwa mapana maradufu na mota inachoka bure.

Boliti za kisu kaza kwa zamu, kidogo kidogo, ukirudia mara mbili au tatu, kwa spana iliyokuja na mashine. Usiongeze bomba kwenye spana. Boliti ambayo kichwa chake kimeanza kuviringika au nyuzi zake zimeliwa haitumiki tena, hata kwa mara moja. Hii ndiyo boliti inayozuia chuma chenye makali kisiruke kuelekea tumboni kwa mtu. Nunua orijino, na ubadilishe seti nzima ya kisu hicho.

Amecha na fildi koili

Randa ikitoa harufu ya vanishi iliyoungua, usiiwashe tena ili kuhakikisha. Toa amecha, uitazame. Komyuteta yenye afya ina rangi ya kahawia iliyolingana mzunguko mzima. Kipande kimoja au viwili vilivyochomeka zaidi ya vingine maana yake koili ya hapo imekatika. Chukua multimita, pima ukinzani kati ya kila kipande na jirani yake: namba zifanane mzunguko wote. Kisha pima kati ya vipande na shafti: pasiwe na njia kabisa. Ikisoma chochote, amecha imekufa.

Kama vipimo ni vizuri na komyuteta ni chafu tu au ina mistari midogo, isugue kwa msasa laini wa namba 400 hadi 600 huku amecha inazungushwa. Msasa wa kitambaa wa chuma usitumike, kwa kuwa chembe zake zinaweza kupitisha umeme zikibaki kwenye mifereji. Halafu safisha mifereji iliyo kati ya vipande kwa kisu cha hekso kilichonolewa kiwe chembamba, kina kisifike milimita 1. Kazi hii ya nusu saa imerudisha amecha nyingi zilizokwisha kuhukumiwa.

Kusuka amecha upya, hapana. Fildi koili imekaa tuli, kwa hiyo msukaji makini akitumia waya wa unene uleule na idadi ileile ya mizunguko inafanya kazi. Amecha inazunguka kwa kasi kubwa mno. Inahitaji kusawazishwa uzito kwa mashine na koili zake kugandishwa kwa vanishi ya kuoka. Ya kusukwa mtaani ikikosa hivyo, inatetemeka, inaua beringi mpya ulizotoka kuzinunua, na mwishowe waya unafumuka. Amecha mbadala mpya, zile zinazouzwa kama "za 1900B", ni bora kuliko iliyosukwa upya, ingawa shaba yake huwa nyembamba na hazivumilii kukandamizwa. Kabla ya kununua linganisha urefu wa shafti, kipenyo cha amecha, idadi ya vipande vya komyuteta, na meno au mifereji ya upande wa puli.

Halafu hesabu. Amecha, beringi mbili, kaboni na mkono wa fundi zikijumlishwa na kupita nusu ya bei ya randa mpya ya modeli hiyohiyo, tunashauri uache. Kama fildi koili nayo imeungua, hata hesabu haihitajiki. Bakiza ngoma, vitako, kirungu na swichi kama spea.

Swichi na waya

Haya ni ya haraka. Randa inayowaka ukiukunja waya karibu na kishikio haina ugonjwa wa mota. Waya umekatikia ndani ya mpira wake wa kinga. Fungua kishikio, kata sentimita 15, unganisha upya, na hakikisha kibano cha waya kimekaza ganda la nje, si nyuzi za ndani. Ukibadilisha wote, chukua waya laini wa mpira wa kore mbili wenye milimita 1 ya mraba. Kwa wati 580 kwenye volti 230 unapita umeme wa ampea 2.5 hivi, kwa hiyo unatosha na kuzidi. Swichi ikijaa vumbi hushika na kuachia. Kuipuliza kunasaidia mara moja. Ikirudia, ibadilishe, na upige picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa. Swichi mbadala hazina shida maadamu kile kitufe cha kufungia, kinachoiacha randa iwake bila kushikiliwa, kinaachia papo hapo ukibonyeza swichi. Kisipoachia, hiyo swichi usiifunge kwenye randa.

Unaponunua spea na unaponunua randa iliyotumika

Spea orijino za Makita huja na namba kwenye lebo, kwa kawaida tarakimu sita, kistari, na tarakimu moja. Kila modeli ina mchoro wa vipande wenye namba hizo, na duka linalojua kazi yake litaufungua mchoro huo mbele yako. Peleka picha ya bati la jina la randa, inayosomeka modeli na namba ya mashine. Muuzaji anayesema "hii inaingia randa zote" hajui anachouza. Nakala nazo zisikuchanganye: mwili unafanana, mkanda na visu mara nyingi vinaingia, lakini vipimo vya shafti na nyumba za beringi hutofautiana kwa sehemu za milimita, na hapo ndipo spea ya Makita inapolegea ndani ya nakala.

Ukiwa unanunua iliyotumika, dakika tano zinatosha pale pale. Plagi ikiwa imechomolewa, fungua kifuniko kimoja cha kaboni, uchungulie komyuteta kwa tochi ya simu. Shika ngoma uitikise juu na chini. Mchezo wowote ni beringi. Weka rula juu ya vitako vyote viwili kina kikiwa sifuri: viwe kwenye mstari mmoja, kwani kitako kilichopinda kwa kuangushwa hakinyooshwi kikakubali. Tazama boliti za visu. Chomeka, washa, sikiliza mlio unavyopanda, kisha zima na usikilize ngoma inavyosimama. Ikishuka kasi taratibu bila kukwaruza, beringi bado zina maisha. Ikisimama ghafla kwa mlio mkavu, ondoa bei ya beringi nne kwenye bei aliyokutajia.